Msimamizi Wangu Alikuwa Simu

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula ugali wa semolina. Mpira wa dunia ulikuwa umekwisha, wageni wamerudi makwao, na unga wa mahindi ukaadimika madukani kwetu Rayyan, pembeni mwa Doha, kama vile nao ulipanda ndege. Waswahili tukasonga semolina. Unateleza, hauna haya, unashuka kooni kabla hujautafuna. Wenzangu wakinung'unika, "Bi Tatu, huu ugali au gundi?" Mimi nakula kimya. Kwangu ulikuwa sawa na pilau, sawa na wali wa nazi, sawa na karatasi. Hapo ndipo watu wangejua kwamba naumwa. Mimi ni mtu wa Pangani, na mtu wa Pangani mwenye akili zake halinganishi semolina na wali wa nazi.

Naandika haya kwa kidole, kwenye simu. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kujua ubongo unafanyaje kazi akamuulize daktari. Mimi nasema na wewe mwenye mama au mke au dada aliyekaa kitandani anatazama ukuta, na mtu amekunong'oneza kwamba iko dawa ya haraka, inatumiwa nyumbani, hakuna atakayejua.

Nilikuja Doha baada ya eda. Mume wangu Hamisi alikuwa amefariki, na binti yangu Zuhura akasema hawezi kuniacha Pangani peke yangu na yeye tumbo limeshakuwa kubwa. Zuhura anasimamia wasafisha vyumba katika hoteli moja huko Lusail. Mumewe, Idrisa, anafanya kazi ya kompyuta ofisini. Mkwe mpole, akisema nawe hutazama sakafu kama aliyedondosha sindano. Mtoto alipozaliwa tukamwita Nasra.

Sasa nijisifu kidogo. Wajukuu zangu wote wamekulia mgongoni mwangu. Mtoto analia, namtupia mgongoni, nafunga kanga, sijamaliza vyombo kalala. Kule kwetu wanawake walikuwa wakiniletea watoto waliokataa usingizi kama watu wanavyopeleka redio kwa fundi. Basi Nasra naye nikamfunga, nikangoja. Huwa kuna kitu kinakuja, joto fulani, linaanzia kwenye uti wa mgongo linazunguka mpaka kifuani, hata kama maziwa yalikauka zamani. Halikuja. Nikasikia uzito tu. Ningekuwa nimebeba kiroba cha vitunguu ingekuwa vilevile. Nikamshusha nikamtazama, mtoto mzuri, macho ya babu yake, nikajiuliza moyoni: huyu wa nani?

Katika ugonjwa wote ule nilitaka kitu kimoja tu. Nimbebe mjukuu wangu nimsikie.

Usingizi ukanihama. Kuoga nikakuona kazi ya watu wengine. Nilikaa kitandani na kichwa kimesokotana, Zuhura akija na chanuo namwambia kesho. Alianza kwa kusema ni joto, kila mgeni wa nchi hii huwa hivyo. Kisha akasema ni msiba. Nikasomewa dua, nikanywa kombe, maji ya aya zilizoandikwa, na waliokuja kunisomea nawashukuru hadi leo, sauti zao zilinituliza. Lakini wakishaondoka, ukuta uko palepale.

Idrisa ndiye aliyesema twende hospitali.

"Hospitali uende ukasemeje?" Zuhura akamjia juu. "Mama yangu ana wazimu? Waandike hivyo kwenye kompyuta zao, halafu kibali chake kikiisha tuambiwe mwendawazimu arudi kwao?"

"Nani kakwambia wanafanya hivyo?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu, Idrisa! Wewe unataka jina la kila mtu?"

Mimi niko chumba cha pili, mlango wazi, nawasikia wanavyonigombania kama kabati lisilopita mlangoni. Nilipaswa kuona uchungu. Sikuona kitu.

Aliyetuletea dawa alituletea kwa mapenzi, na nataka hilo lijulikane. Anaitwa Mwanaidi, msichana wa Unguja anayefanya kazi na Zuhura. Kicheko chake unakisikia kabla lifti haijafunguka. Alikuja na halua, akaniona nilivyo, akamvuta Zuhura jikoni. Yeye mwenyewe, akasema, alikuwa akilia chooni kazini kila siku, mpaka akapata mtu mmoja wa kwenye simu. Anaishi nchi nyingine, anatibu watu kwa kuongea nao, anawapa ketamini. Vidonge vya kuyeyusha chini ya ulimi. "Dada, siku ya kwanza tu nilicheka," akasema.

Tulimwita Dokta wa Simu. Kama alisomea, Mungu ndiye ajuaye. Alinitokea kwenye kioo cha simu na shati jeupe, akaniuliza ninalalaje, ninakulaje, ninawaza kufa? Nikamjibu. Hakuniuliza presha. Presha ninayo tangu mimba yangu ya mwisho, na vidonge vyake vilikuwa juu ya friji, nyuma ya bega la Zuhura, hata yeye angeviona. Dawa ikafika kwa mkono wa msafiri, imefungwa na majani ya chai, na msafiri masikini hakujua amebeba nini. Ilikuwa vidonge vya pembe nne, ladha ya machungwa, kama pipi ya mtoto.

Masharti yalikuwa nilale chali, nisile kabla, nisiinuke mpaka iishe, na mtu mzima akae nami mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza Zuhura alikaa. Alinishika mkono. Nikaona dari inasogea mbali, kisha nikaona mkono ulioshikwa uko kule na mimi niko huku. Sikuogopa. Nilikuwa kama nguo iliyovuliwa ikawekwa juu ya kiti. Iliporudi miguu yangu, nikalia. Nililia kwa sauti, kilio ambacho sikumlilia Hamisi siku ya mazishi. Jioni Zuhura akapika samaki wa kupaka, nikasikia nazi. Nikasikia pilipili! Nikaomba ukoko.

Sitadanganya ili kuwatisha. Ilinipa kitu. Siku zile chache nilimfunga Nasra mgongoni na lile joto likaja, dogo, kama mtu anayebisha hodi ya aibu. Kwa hiyo lilipoondoka tena, nilijua hasa nimenyang'anywa nini. Hapo ndipo mtego ulipo. Ningekula hata mchanga wa jangwa kama ungenirudishia joto lile.

Nikamwambia Dokta inaisha haraka. Akasema ongeza. Nikaongeza. Ya kila wiki ikawa ya siku mbili tatu. Zuhura zamu yake ikahamishiwa mchana, na mchana ndio wakati wangu wa dawa, basi akaiegemeza simu ya zamani kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, ikitazama kitanda. "Mama, mimi nakuona kutoka kazini," akasema. Yaani msimamizi wangu alikuwa simu. Haina mikono ile. Haiwezi kukupa maji, haiwezi kukugeuza ukitapika. Inakutazama tu, kama paka.

Mwili ukaanza kunisema. Kwanza mkojo. Nakwenda chooni, natoka, sijafika kitandani nageuka. Kinachotoka ni tone, na tone lenyewe kama limetiwa pilipili kichaa. Nikaacha kunywa maji nikidhani nitapumzika, ikawa mbaya zaidi. Moyo nao, nikiwa nimelala, unapiga ngoma mpaka shuka inatikisika. Nikasahau vitu. Nilitia chumvi mchuzi, nikarudi nikatia tena, Idrisa akaula wote bila kusema neno. Nilimuona anavyokunywa maji. Tukamwambia Dokta habari ya mkojo. Akasema ni mwili unatoa uchafu.

Ikafika Agosti, joto la kuungua nyayo hata kwenye kivuli. Kiyoyozi kinaunguruma, nje hakuna hata ndege. Nasra anaota meno, analia kilio kile cha kukata. Zuhura kazini, Idrisa kazini. Saa yangu ya dawa imefika, nami siku ile nilikuwa chini sana, ndani ya kisima. Nikafanya nilichokifanya maisha yangu yote mtoto akilia. Nikamtupia mgongoni, nikafunga kanga, nikaikaza. Halafu nikaweka vidonge chini ya ulimi. Hesabu yangu ilikuwa ya bibi yeyote wa kwetu: dawa huchelewa kidogo kushika, mpaka hapo mtoto atakuwa amelala, nitamlaza, nami nitajilaza.

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Ilishika ningali jikoni.

Miguu ndiyo iliyoondoka kwanza. Nilijikuta sakafuni kwa magoti na viganja, kama ng'ombe anayenyeshewa. Vigae vikawa mbali, kama navitazama kutoka juu ya ghorofa. Nasra analia, na kilio chake nakisikia kinatoka nyumba ya jirani. Nikawaza, mtoto wa watu huyo, mbona hawambebi? Sikujua ni mgongo wangu unaolia.

Lakini mwili una mambo yake. Sikujua jina langu, sikujua Doha, ila kuna neno moja lilibaki: usigeuke. Usilale chali. Sikujua kwa nini. Mikono inatetemeka, mate yananitoka, kila kitu ndani yangu kinataka kulala chali kama nilivyoagizwa na yule mtu, na mimi nakataa, kwa sababu nisiyoijua.

Zuhura huko Lusail alichungulia simu akaona kitanda kitupu. Ndicho simu ilichokuwa ikimlindia, kitanda. Akampigia Idrisa, ofisi yake iko karibu. Idrisa aliingia na viatu, yeye ambaye haingii hata na soksi chafu. Nakumbuka kanga ikilegea, na uzito ukinitoka, na mgongo wangu umelowa vuguvugu, mtoto amenikojolea. Hakuumia popote. Mimi ndiye niliyelala chali hapo, na sikuinuka mwenyewe.

Hospitali muuguzi alikuwa Mkenya, sauti ya Mombasa. Presha yangu ilipanda mpaka wakaitana.

"Mama, umetumia nini leo?"

Zuhura akaniminya mkono. Nilielewa. Dawa ile kuiingiza nchi hii bila idhini ni kosa kubwa, si la kucheka nalo, na pale kitandani tulikuwa tunaogopa pingu kuliko kifo. Zuhura akadakia, "Ni presha yake tu, dada."

Nikasema, "Mwanangu, niachie mkono. Nimekunywa ketamini, dada. Ya kutumiwa kwa simu. Nina miezi."

Muuguzi hakushtuka. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akamwita daktari. Hatukufungwa. Vidonge vilivyobaki Idrisa alivifuata nyumbani, tukavikabidhi. Sisemi kila mtu atakutana na upole ule, siwezi kuahidi cha watu. Nasema tu kwamba wangenitibu presha bila kujua kilichoipandisha, pengine leo mngekuwa mnanisomea hitma.

Daktari, kupitia kwa yule muuguzi, hakuitukana dawa. Akasema ni ile ile ya kumlaza mtu anapopasuliwa, na wako wanaotibiwa nayo kwa sonona, lakini hospitalini, baada ya kupimwa presha na moyo, na mtu yuko hapo mpaka mwisho. Mtu, akasisitiza. Hilo neno sonona nilikuwa silijui. Nikalipenda. Nilidhani ugonjwa wangu hauna jina, kumbe una jina kama malaria.

Tuliporudi nyumbani, Zuhura akaikunja ile kanga akaifungia kabatini mwake. "Mama, Nasra usimbebe tena."

"Mpaka lini?"

"Usimbebe tena."

Ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo, tena kwa matusi.

Ikaanza miezi ya kungoja. Ukumbi wa kungojea wa kliniki waliyonipeleka una baridi ya kuhifadhia nyama. Unachukua namba, unakaa upande wa wanawake, wamejifunika, kila mmoja na ugonjwa wake. Nilidhani nitakuwa peke yangu kati ya wazima. Mama mmoja wa Kisudani akanimegea tende, akanionyesha kichwa chake, kisha kifua, akatikisa mkono: hivi hivi. Nami nikamjibu kwa mkono: hivi hivi. Tukacheka. Hatuna lugha, lakini kila miadi tulitafutana kwa macho. Siku moja aliniwekea kiti kwa mkoba wake, na mtu akitaka kukaa anamfukuza kama kuku. Fadhila kama hiyo hailipiki.

Nilipewa vidonge vya kila siku, vya polepole, na mama mmoja wa kuongea naye. Mkalimani yuko kwenye simu, ndiyo, simu tena, lakini safari hii kando ya simu kuna mtu mwenye leso ya kunipa. Kibofu kilipona kwa mwendo wa kobe. Ukinitembeza Doha nitakuonyesha vyoo vyote, cha kila kituo cha mafuta. Idrisa haniulizi, akiona nimekaza kanga yangu, anakata kona. Siku moja tulisimama njiani mara nyingi hadi nikaona haya nikamwomba radhi. Akatazama usukani akasema, "Mama, mimi nilikula ule mchuzi. Hatudaiani." Ndipo nilipojua mkwe wangu ni mchekeshaji.

Na kibali changu? Kilipofika wakati wake kikaongezwa. Ya wazimu hatukuulizwa.

Baridi ikaja, ile ya Desemba, watu wanaota moto kwenye mahema na kula mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nikimwimbia Nasra akiwa sakafuni, mikono yangu nimeikalia. Ananipandia magoti, ananivuta kilemba, namwachia. Asubuhi moja Zuhura akatoka chumbani na kanga begani. Alikuwa amenitazama muda mrefu, sijui tangu lini.

"Inama," akaniambia.

"Umesema nisimbebe."

"Mama, inama. Mimi niko hapa, nimekaa."

Akamweka, akafunga mwenyewe, fundo lake baya, la mtu wa hoteli. Nikatembea naye sebuleni. Joto halikuja mara moja kama lile la kidonge. Lilikuja baada ya wiki kadhaa za kubebeshwa hivyo, Zuhura kakaa kwenye kochi anakunja nguo, mvua ya kwanza inapiga dirisha. Lilianzia uti wa mgongo likazunguka. Nikasimama wima katikati ya sebule. Zuhura akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Kimya, amelala." Naye akaona uso wangu, akaacha nguo.

Tangu hapo liko. Siku nyingine linafifia, nami nakwenda kliniki kusema limefifia. Ndiyo matibabu yenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ukapita, sikufunga kwa amri ya daktari, nikala tambi zangu jikoni kama mwizi. Baada ya Idi tukapanga niende Pangani kulizuru kaburi la Hamisi, kisha nirudi. Mliopo ughaibuni mnajua: ukisikika unasafiri, kila mtu ana mzigo. Huyu dagaa, yule kikoi, mwingine dawa ya mafua ya bibi yake. Na mzigo wa mtu haukataliwi. Anayekataa husemwa mpaka msikitini.

Mwanaidi akaja. Lifti ilifunguka kimya. Alikuwa amepungua, shingo imebaki mishipa. Akaniamkia, akakaa, akainuka kwenda chooni. Akarudi, akasifu nywele za Nasra, akainuka tena. Nilikuwa namtazama anavyotembea, magoti yamebanana. Mwendo ule naujua. Ni wangu.

"Mama, ukiwa kule kuna kijana atakuletea kifurushi changu," akasema. "Kidogo tu, kama kipande cha sabuni. Utakiweka katikati ya dagaa."

"Kina nini?"

"Mama nawe! Unajua."

"Mkojo unakuunguza tangu lini?"

Akakaza mtandio kichwani. Kisha akaja juu. "Mimi ndiye niliyewaletea! Mlipokuwa mnakufa humu ndani, nani alikuja? Leo wewe unacheza na mjukuu, mimi unaniuliza mkojo. Unataka mimi nife?"

Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno liliniingia. Zuhura alikuwa mlangoni. Nikamshusha Nasra nikampa mama yake. Nikamwambia:

"Mzigo huo siubebi, Mwanaidi. Wewe nitakubeba."

"Maneno tu hayo. Bibi mchoyo."

"Mchoyo, sawa."

"Kazini wakijua? Wakinirudisha?"

Nikaenda kwenye rafu ya viatu. Sikumwahidi kwamba hawatajua, kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kuahidi. Nilivaa kiatu kimoja, nikatafuta kingine, Idrisa katoka chumbani kashachukua funguo za gari, njia ya kliniki anaijua. Mwanaidi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

"Mara moja tu, Mama. Hii ya mwisho, nakuapia. Nibebee mara moja tu."

Nikamshika kwapani, nikamwinua. Mwepesi kama mtoto.

"Mzigo huo siubebi, Mwanaidi. Wewe nitakubeba."